Filimbi Zilizokutwa Darini

Watu wa muziki wana masikio mabovu kuliko watu wote ninaowajua, na nasema hivyo nikijihesabu mimi wa kwanza. Mtu asiyepiga chombo chochote akisikia filimbi nzuri husema nzuri, basi, anarudi kwenye sahani yake. Sisi hapana. Sisi lazima kwanza tuambiwe kaitengeneza nani, ndipo tujue kama imetupendeza.

Jina langu Oweny Mulvey. Nimegawa barua upande huu wa Leitrim kwa miaka thelathini na moja, kuanzia daraja la Drumlara hadi kule juu kwenye mashimo ya makaa yaliyofungwa, na hakuna mbwa asiyelijua gari langu la kijani. Filimbi napiga tangu nikiwa na miaka sita. Si sifa hiyo. Huku kwetu kila mtu anapiga kitu, na asiyepiga kazi yake ni kukosoa wanaopiga.

Nyumba ya Packie Guckian ilikuwa ya mwisho kwenye njia yangu. Packie alichimba makaa miaka ishirini na miwili, na shimo lilipofungwa akaanza kutengeneza filimbi za bati bandani kwake, nyuma ya zizi. Kazi yenyewe ukiitazama ni nyepesi. Unakata bati, unalikunja kwenye chuma kilichochongoka, unaunga mshono kwa risasi iliyoyeyushwa, unatoboa matundu sita. Kisha kwenye ncha nene, pale unapopulizia, unatia kizibo cha mti, ukiacha mwanya mwembamba wa kupitisha pumzi. Bati ni bati tu. Sauti yote inakaa kwenye kizibo.

Packie hakuuza filimbi kwa mtu kabla hajamsikia akipiga. Ungetoka Boston au Bremen, ilikuwa lazima uje bandani, upige, uandikwe jina, uondoke, usubiri. Wengine walisubiri miaka mitatu. Mimi nilisubiri miezi saba, na nilikuwa namletea barua kila siku!

Nakumbuka siku niliyokwenda kupiga. Packie alinikalisha kwenye kigoda.

"Piga," akasema. Alikuwa akipaza sauti hata akiomba chumvi. "Usinipigie za mashindano. Piga ya taratibu, kitu ambacho mama yako angekipenda."

Nikapiga. Packie alitazama vidole vyangu, lakini mkewe, Cepta, alisimama dirishani akanipa mgongo, mikono ndani ya aproni, anaangalia mvua. Nikasema moyoni, huyu mama hana adabu hata chembe.

Nilipomaliza Packie akamgeukia. "Haya, umemwonaje?"

"Anavuta pumzi kama anaiiba," Cepta akajibu bila kugeuka. "Na anasukuma juu kuliko inavyotakiwa. Nimemsikia, inatosha."

Filimbi ilipokuja, sauti za chini zilikuwa tamu ajabu, lakini za juu zilikwaruza. Nikamrudia Packie.

"Inapiga kelele huku juu."

"Nini?"

"Juu! Inakwaruza juu!"

Akacheka. "Huko juu mimi sifiki tena, mwanangu. Keekee za kutobolea mwamba shimoni zilinichukua masikio zamani. Mpe mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa mezani anamenya viazi. Alichokonoa kizibo kikatoka, akakitazama kwenye mwanga, akakikwangua mara tatu kwa kisu kile kile cha viazi, akakilowesha kwa mate, akakirudisha. Akapuliza noti moja tu, ya juu kabisa, ambayo mumewe aliyesimama hatua mbili kutoka pale hakuisikia kabisa. Ilikuwa safi, laini, haina hata unywele wa kelele. Hapo ndipo nilipofahamu. Mtu asiyesikia nusu ya filimbi hawezi kuwa ndiye aliyeipa sauti.

Naye aliona kwamba nimefahamu.

"Umeshatazama vya kutosha?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi kanyaga mafuta, barua za watu zinaota ukungu."

Usidhani ilikuwa siri. Nusu ya parokia ilijua, na nusu nyingine ilijua kwamba nusu ya kwanza inajua. Hata Packie hakuficha, masikini. Wageni walipomsifu alimnyooshea Cepta kidole na kusema, "Kazi ni ya huyu hapa." Wao walicheka, wakamwona mume mwema anayemheshimu mkewe, wakampiga picha yeye. Filimbi ziligongwa muhuri wa herufi mbili chini ya tundu la mwisho, P na G, na dunia nzima ya watu wa filimbi ikazijua kwa jina moja: za Packie. "Una ya Packie?" "Ninayo ya Packie." Cepta hakuwahi kulalamika mbele yangu. Na mimi sikuwahi kumuuliza, maana nilikuwa na yangu tayari, na ilikuwa inaimba.

Packie alifariki mwezi wa pili, mwaka wa mvua ile iliyobomoa daraja. Tulimpigia filimbi kaburini watu kumi na wanane, maji yanaingia kwenye matundu. Baada ya misa ya kutimiza mwezi, nilipeleka barua nikamkuta Cepta bandani amekunja mikono ya sweta, anakata bati.

"Kumbe unaendelea," nikasema.

"Kuna watu sitini na tatu kwenye orodha. Nimewaandikia wote kwamba yeye hayupo, nipo mimi. Wanaotaka kujiondoa wajiondoe." Alikata kipande kizima kabla ya kuongeza jambo jingine. "Hakuna aliyejiondoa. Lakini sijui kama wamesoma vizuri."

"Sasa muhuri utagonga upi?"

"Ule ule. Upi tena?"

Hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Nikamwambia hapana, mama, jina ni lako, kazi ni yako, miaka yote hii umeitoa sadaka, sasa wakujue. Nilisema maneno mengi mazuri siku ile, mengine nilijisikia mwenyewe nikapendezwa nayo. Cepta alinisikiliza huku anafuta kisu kwenye aproni.

"Oweny," akasema, "jina langu halijawahi kuandikwa popote ila kwenye cheti cha ubatizo na zamu ya kufua vitambaa vya altare."

"Ndiyo maana nasema."

"Na wakikataa? Mimi sina kingine. Nina pensheni ya ujane na ekari tisa za matope."

"Watakataaje? Mikono ni ile ile."

Akaweka kisu chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, jambo ambalo sitalisahau, kwamba angependa kujua kabla hajafa kama wangezitaka filimbi zake bila Packie kuwa mbele. Hilo tu. Hakutaka sanamu wala gazeti. Alitaka mtu mmoja tu aseme, "Nina ya Cepta."

Jumamosi nilikwenda Carrick, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua muhuri wa chuma wa herufi C. Wa G alikuwa nao tayari. Aligonga ya kwanza nikiwa nimesimama pale, huku anajicheka.

"Naogopa kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Haya, chukua. Hii ni yako, na usinitolee pochi, utanikasirisha. Kaipige Jumapili, halafu uje uniambie ukweli."

Jumapili baada ya misa ya saa tano tulikaa baa ya Shanley kama kawaida, watu wanane kwenye kona ya muziki, na siku hiyo kulikuwa na mgeni, Fiachra Devane kutoka Dublin. Huyu Devane hupiga filimbi kubwa ya mti, na huandika kwenye jarida linalosomwa na watu wote wa fani hii, hapa na ng'ambo. Ana sauti ya kutoka tumboni, ya mtu aliyezoea kunyamaziwa. Akaiona bati mpya mkononi mwangu.

"Hiyo ndiyo ya mjane?"

"Ndiyo."

"Hebu."

Nikapiga nyimbo mbili mfululizo. Nilipoishusha, mpiga fidla aliinua upinde, akaushusha tena.

"Sasa," akasema Devane, "wewe ndiye mtu wa nyumba ile, Oweny. Ukisema wewe tumeamini. Inazifikia za Packie?"

Ningependa kusema sijui kilichonipata. Nakijua vizuri sana. Nusu yake ilikuwa huzuni: nilikuwa nimemtafuta Packie ndani ya bati lile na nisimwone, kwa sababu Packie alikuwa makaburini, na pengo lililokuwa kifuani mwangu nikadhani nimelisikia kwenye filimbi. Hiyo ni nusu ninayoweza kuitaja mbele ya padri. Nusu nyingine ni kwamba Devane alikuwa ananitazama mimi, mgawa barua, akisubiri neno langu, na nikataka anione kuwa ni mtu mwenye masikio. Mtu mwenye masikio hasemi "nzuri" akanyamaza. Lazima kuwe na kasoro ambayo yeye peke yake kaisikia.

Nikaiweka filimbi mezani taratibu. "Ni nzuri," nikasema. "Nzuri kweli kweli. Lakini si Packie."

"Nilijua," akasema Devane. Hakuwa ameigusa hata kwa kidole.

Mpiga fidla akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Pumzi haikai vile vile," akasema. Mwingine akasema bati limekuwa jembamba. Mwingine, ambaye anapiga kodiani na filimbi haijui, akasema ni roho, kuna kitu cha roho kimepungua. Dakika tano hazijapita, kila mtu alikuwa ameona kasoro yake. Mimi nilikunywa bia yangu nyeusi nikajiona nimesema kweli kwa uchungu, kama rafiki anavyotakiwa.

Nilipita kwa Cepta Jumatatu.

"Jumapili ilikwendaje?" akaniuliza mlangoni.

"Vizuri," nikasema. "Wameipenda."

Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akachukua barua, akafunga mlango. Baadaye nikajua kwamba mama mmoja anayefua naye vitambaa vya altare alikuwa ameshampigia simu akamweleza niliyosema baa, Jumapili hiyo hiyo, kabla viazi havijaiva.

Devane aliandika mistari minne tu. Kwamba filimbi za mjane ni za heshima, kwamba anastahili kutiwa moyo, lakini wale wa Drumlara wanaomjua zaidi wanakiri kwamba mkono wa bwana umekwenda naye. "Wale wa Drumlara." Nilikuwa peke yangu.

Filimbi alizowatumia watu wa orodha zikaanza kurudi. Mimi ndiye niliyezirudisha, nani mwingine? Ya kwanza ilitoka Cork, Alhamisi, boksi refu jembamba lenye mwandiko wa haraka. Wiki iliyofuata zikaja mbili za Boston kwenye mfuko mmoja. Ningeweza kuzijua kwa kuzigusa tu kwenye gunia. Nilianza kuziacha za mwisho, niendeshe polepole, nisimame kwenye geti la jirani bila sababu.

"Ya kurudi?" Cepta aliuliza kila mara.

"Ya kurudi."

Ya sita, ya Bremen, ilikuwa na barua, akaisoma kwa sauti hapo hapo kizingitini, mvua inamnyeshea. Mtu yule alimshukuru sana, akamwombea mema, akasema ameisikiliza filimbi kwa moyo mweupe wiki mbili nzima, na ndani yake hamna pumzi ya mzee.

"Pumzi ya mzee," Cepta akarudia. "Mzee alikuwa na mapafu yaliyojaa vumbi la makaa. Alishindwa kuzima mshumaa wa siku yake ya kuzaliwa."

Sikujua nicheke au nilie. Alizipeleka kumi na nne, zikarudi tisa.

Ile ya tisa ilipofika akaniambia niingie ndani. Sikuwahi kuona jikoni kwake pasafi vile. Akaniomba filimbi yangu yenye C na ile nyingine niliyotembea nayo mfuko wa koti. Hiyo niliichukua mwaka mmoja kabla Packie hajafa, na kila mtu aliyenijua alikuwa amechoka kunisikia nikisema ndiyo bora kuliko zote alizowahi kutengeneza. Akaiweka mezani kando ya ile aliyonipa yenye C.

"Ipi ya Packie?"

Nikamwonyesha. Nilidhani ananiomba nimfariji.

"Mwaka ule Packie alikuwa hawezi kushika kijiko," akasema. "Nilikuwa namlisha, Oweny. Ulikuja mara ngapi ukanikuta namlisha? Bati nilikunja mimi. Mshono mimi, matundu mimi, kizibo mimi. Miaka minne yote ya mwisho. Yeye alikaa hapo ulipokaa wewe, kazi yake kuniambia mshono umepinda." Akazigeuza zote mbili, muhuri ukawa juu. "Tofauti ni hii herufi. Na hii herufi ulininunulia wewe."

Nadhani nilisema kwamba nilikuwa na msiba.

"Wewe ulikuwa na msiba?" akasema. "Wewe?"

Akanirudishia zote mbili, akanifungulia mlango. Tangu siku hiyo hakuniita Oweny tena, aliniita Bwana Mulvey, na kwetu huku mtu akikuita hivyo baada ya miaka ishirini ujue umefukuzwa.

Kabla ya Pasaka ya mwaka uliofuata, Padri alitangaza altareni, baada ya habari za bahati nasibu ya parokia, kwamba bibi Guckian alipokuwa anasafisha dari la banda amekuta sanduku la filimbi arobaini ambazo marehemu alizitengeneza akaziweka. Kanisa zima likaguna kwa furaha. Mama mmoja akajifuta machozi.

Niliinamisha kichwa kama nasali. Dari la banda lile nalijua. Ni mabati matupu juu ya mapapi ya mbao, huwezi kuweka hata paka.

Zilikwisha kwa siku tisa, kwa bei mara tatu ya zile za mwanzo. Vizibo tisa kati ya arobaini vilikuwa ndivyo vile vilivyorudi. Alivichomoa, akavitia kwenye bati jipya, akagonga P na G. Mtu wa Bremen alipata kizibo chake mwenyewe, akaandika kwamba sasa ndiyo analala kwa amani. Devane alinunua mbili, akaandika ukurasa mzima kuhusu mkono wa bwana. Mimi nilizibeba zote hadi posta, nikazipima, nikazibandika stempu.

Dari likaendelea kuzaa. Mwaka uliofuata ishirini na tano nyuma ya jiko la zamani, kisha nyingine kwenye pipa la unga wa kulishia ndama. Watu walishangaa kwa mapenzi. "Alifanya kazi kama punda yule mzee," walisema, "na hakumwambia mtu." Hakuna aliyejiuliza mgonjwa asiyeshika kijiko alizitengeneza lini. Na bandani, kila nilipopita, nilisikia nyundo.

Miaka mitatu nilinyamaza. Kisha kamati ya wiki ya muziki ya Julai ikaamua kumwekea Packie jiwe la kumbukumbu mbele ya ukumbi wa parokia, na wakanitaka mimi, rafiki wa nyumba, nitoe hotuba fupi. Nilikubali haraka, na nikakata shauri: hapo hapo, mbele ya watu wote, nitausema ukweli. Niliandika hotuba mara sita. Sikumwambia Cepta hata neno. Nilijiambia nataka kumshangaza kwa furaha. Leo nikikumbuka naona haya, kwa maana hata katika kutubu nilitaka kupigiwa makofi.

Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Wajerumani, Wamarekani, watu wa Brittany, Devane safu ya mbele na shali lake. Cepta kiti cha katikati, kofia ya kanisani kichwani. Nje, kwenye veranda, palikuwa na meza yake yenye kitambaa cheupe na filimbi thelathini za mwaka huo, zilizokutwa sijui wapi.

Nikasema. Nilisema juu ya mgongo dirishani, juu ya kisu cha viazi, juu ya masikio ya Packie na keekee za shimoni. Nikasema Packie mwenyewe alituambia kila siku na tukacheka. Nikasema filimbi mlizonazo mifukoni, zote mnazoziita za Packie, sauti yake ni ya mwanamke huyu, na tangu miaka saba iliyopita hata bati ni lake. Nikasema nililikana jina lake kwenye meza ya baa nikijua ukweli. Nikanyoosha mkono kumwelekea.

Vichwa vyote mia tatu vikamgeukia yeye. Nikamwona anainuka polepole, ameshika mgongo wa kiti cha mbele. Nikafikiri, haya, saa imefika.

"Oweny ana moyo mzuri," Cepta akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kulitamka jina langu. "Alimpenda sana Packie, na huzuni haijamtoka bado. Na Packie ndivyo alivyokuwa, alipenda kunitania mbele ya wageni, eti kazi ni yangu. Mnamkumbuka." Watu wakaanza kutabasamu. "Mimi nilikuwa nachemsha chai. Chai nilichemsha nyingi, hilo sikatai."

Wakacheka wote, kicheko kikubwa cha watu walioondolewa mzigo, wakasimama wakampigia makofi. Devane alipiga kelele "Mungu ambariki!" Mwenyekiti wa kamati akanishika bega, akanipeleka kwenye kiti kama anayemsaidia mgonjwa.

Nilimfuata verandani. Alikuwa anapanga filimbi mezani, moja moja, mihuri ikitazama juu.

"Mama, mbona?" nikasema. "Ilikuwa nafasi yako. Wangeamini leo."

"Wangeamini," akasema, mikono haikusimama. "Halafu? Wangezipeleka nyumbani, wazisikilize tena, wazikute zina kasoro. Zote, hata za miaka ishirini. Kila boksi nililowahi kupeleka lingerudi. Nawe ungeniletea." Akanyoosha kitambaa. "Nilikuwa na jina langu miezi minne, Bwana Mulvey. Nililipenda. Nililiweka mikononi mwako Jumapili moja. Sasa nina jina la maiti, nalo linanilisha, na leo umekuja kulichukua na hilo, ili usiku ulale."

Watu walikuwa wameanza kutoka ukumbini. Wa kwanza kufika mezani alikuwa kijana Mmarekani, miwani ya duara, macho mekundu kwa kulia. Aliokota filimbi moja, akaigeuza hadi kwenye muhuri, akazipapasa herufi zile kwa kidole gumba. Kisha uso ukaingiwa na wasiwasi, akanitazama mimi.

"Samahani, bwana," akasema. "Haya uliyosema kule ndani... nimekuja mbali sana. Hizi ni zake kweli?"

Cepta hakuniangalia. Alikuwa ameshika karatasi ya kufungia, imekunjwa nusu, na mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona ikitulia, ilikuwa imetulia.

"Ni zake," nikamwambia. "Chukua mbili kama unaweza. Yule mzee amekufa, na hakuna anayeweza kuzitengeneza tena."

Kijana akachukua mbili. Cepta akazifunga, akamrudishia chenji yake, akamshukuru kwa kumkumbuka marehemu mume wake.